Manukuu Ni Ya Nakala, Si Ya Filamu

Nimekuwa kimya kwa muda wa wiki tatu hivi, na mara hii si kazi ya ofisini iliyonifunga. Ni faili moja ya maandishi, kilobaiti 120 tu, ambayo ilikuwa inatangulia filamu. Nimejifunza mambo nikiitengeneza, na nina msimamo ambao najua baadhi yenu mtaupinga.

Nianze na nyumbani. Bibi yangu anakaa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, ghorofa ya kwanza, juu ya kichochoro ambacho pikipiki mbili hazipishani bila matusi. Masikio yake yamepungua sana siku hizi. Filamu za Kihindi ndizo raha yake, lakini bila kusikia na bila kujua Kiingereza, yale maandishi yanayopita chini ya picha hayamfai. Kiswahili anasoma vizuri sana, gazeti zima mpaka matangazo ya vifo.

Marehemu babu alifanya kazi miaka mingi katika duka la leso pale Biashara Street. Kihindi alikijua, nusu kutoka kwa wenye duka na nusu kutoka sinema. Disemba 2014, shule zimefungwa, mimi nina miaka 16 na kompyuta ya mitumba, tukaamua kumtengenezea Bibi manukuu ya Kiswahili ya Sholay. Babu aliandika kwa kalamu, daftari nne. Mimi nikachapa, kisha tukaitazama filamu upya, mimi nikibonyeza kitufe kila mtu anapofungua mdomo. Mistari 1,612. Tulianza wiki ya kwanza ya likizo tukamaliza siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Babu alifariki 2019.

DVD tuliyoitumia imekwaruzika mpaka haisomeki tena. Mwezi uliopita binamu yangu alikuja kutoka Maskati akaleta nakala nyingine, picha safi kabisa, mpaka vumbi la farasi unaliona. Nikaweka faili ya babu, tukapanga mito, mama akaleta mahamri. Bibi alivumilia kama dakika kumi hivi.

"Haya maneno yatangulia, mwanangu," akasema. "Mtu hajafungua kanwa, ushaniambia asemalo."

Nikafanya wanachofanya watu wote. Kwenye VLC kuna kitufe cha G na cha H, kila ukibonyeza manukuu yanasogea milisekunde 50, huku au kule. Nikabonyeza H mpaka kidole kikauma. Yakakaa sawa! Baada ya dakika tano yakaanza kutangulia tena. Nikasogeza, yakatangulia. Bibi akaenda kulala.

Kesho yake kazini nikamsimulia mwenzangu mmoja, naye akacheka. Akaniambia mbona najisumbua, siku hizi unaipa mashine video, inasikiliza, inatafsiri kwa Kiswahili, inapanga na nyakati zake, chai haijapoa umemaliza. Faili ya zamani itupe.

Hapo ndipo ninapopinga. Na kabla sijasema kwa nini, wacha nieleze faili ile ilikuwa na tatizo gani hasa, maana wengi wanaotupa faili za manukuu wanatupa kitu kizima wakidhani ni kibovu.

Faili ya SRT ni kitu rahisi ajabu. Ifungue kwa programu yoyote ya kuandikia utaona namba ya mstari, kisha wakati wa kutokea na wakati wa kutoweka, kisha maneno yenyewe, kisha nafasi tupu. Basi. Kwa mfano:

412
00:50:00,000 --> 00:50:02,300
Ndoo hapa, usiogope.

(Mfano tu huo, msiende kuutafuta kwenye filamu. Na ule mkato kabla ya milisekunde, badala ya nukta, umo kwa sababu programu ya SubRip iliyoleta muundo huu iliandikwa Ufaransa, na Wafaransa ndivyo wanavyoandika desimali. Waandishi wa programu wangapi wamepoteza mchana mzima kwa mkato huo, Mungu anajua.)

Angalia kisichokuwemo. Hakuna mahali panaposema faili hii iliandikwa kwa nakala ipi ya filamu. Ina nyakati tu, zikihesabiwa tangu video ilipoanza, na inaamini kwamba video yako ni ile ile. Kwa hiyo tunaposema "manukuu ya Sholay" tunajidanganya. Ni manukuu ya nakala moja ya Sholay. Ile ya babu ilikuwa ya DVD iliyonunuliwa mjini, ya dakika 190. Hii ya binamu ni ya dakika 204.

Dakika 14! Fikira yangu ya kwanza, mimi mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, ilikuwa kugawanya 204 kwa 190, nikapata 1.0737, nikazidisha nyakati zote kwa namba hiyo. Ilikuwa vibaya kuliko mwanzo. Kufikia dakika ya 50 maneno yalikuwa yamechelewa kwa dakika moja na nusu, watu wameshamaliza kugombana na kuondoka ndipo matusi yanafika.

Kosa langu ni kudhani dakika zile 14 ni za aina moja. Zilikuwa za aina mbili, na aliyenipa ufunguo ni mama yangu ambaye hajawahi kuandika programu hata moja. Usiku ule, kabla hatujazima, aliuliza, "Mbona huyu Amitabh sauti imekuwa nzito? Ana mafua?"

Hakuwa na mafua. Ile DVD ya zamani ndiyo iliyokuwa ikikimbia. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kila sekunde. Televisheni za kwetu, Kenya, Tanzania, Zanzibar na sehemu kubwa ya Ulaya, zilifuata mfumo wa PAL wenye fremu 25 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde. Marekani umeme wao ni 60, na huko filamu ikiingia kwenye video huwa ni fremu 23.976. Sasa mtu akitaka kuweka filamu ya fremu 24 kwenye DVD ya PAL, njia rahisi ni kuiendesha kasi kidogo tu, 25 badala ya 24. Karibu asilimia 4. Jicho halioni. Sikio hupata sauti nyembamba kidogo, na ukizoea unadhani ndivyo mtu anavyoongea. Sisi tumekua tukimsikia Amitabh Bachchan wa asilimia 104 na hatukujua.

Nakala ya binamu inakwenda fremu 23.976. Gawanya 25 kwa 23.976 unapata 1.0427. Zidisha dakika 190 kwa namba hiyo: 198. Kwa hiyo dakika 8 kati ya zile 14 si picha mpya kabisa, ni picha zile zile zikipita pole pole. Zinabaki dakika 6, na hizo ni picha ambazo Babu hakuwahi kuziona kwenye DVD yake. Nitazirudia, maana hapo ndipo penye utamu.

Kwanza hii kasi. Inaeleza kwa nini kitufe cha H hakisaidii. Faili ya PAL kwenye video ya 23.976 inatangulia sekunde 26 hivi filamu ikifika dakika ya 10, dakika 2 na sekunde 34 ikifika saa moja, na karibu dakika 8 ikifika saa tatu. Ukisogeza faili nzima unaiponya pale ulipo tu. Ni kama saa ya ukutani inayokwenda mbio, ukiirekebisha asubuhi, jioni imeshakukimbia.

Dawa yake ni hesabu ya kidato cha pili. Wakati mpya ni wakati wa zamani mara namba moja, jumlisha namba nyingine. Ya kwanza ni kasi, ya pili ni msogeo. Namba mbili zisizojulikana zinahitaji pointi mbili. Unachagua mstari mmoja wa mapema na mmoja wa mbali, unatazama video unaandika mtu anafungua mdomo saa ngapi hasa. Kwangu (nimezungusha kidogo ili zisomeke) mstari wa dakika 6 kamili ulitakiwa uwe 6:17.4, na ule wa dakika 50 kamili ulitakiwa uwe 52:10.1. Tofauti ya mpya ni sekunde 2,752.7, tofauti ya zamani ni 2,640. Gawanya: 1.0427. Msogeo ukawa sekunde 2, ambazo ni nembo tu za mwanzo. Kama hutaki kuandika hata mstari wa msimbo, programu ya bure ya Subtitle Edit inafanya hivyo hivyo ukiionyesha pointi mbili.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona watu wakilisema. Namba ya kasi si namba yoyote tu. Zipo chache mno. 1.0427 ni kutoka 25 kwenda 23.976. 1.0417 ni kutoka 25 kwenda 24. 1.001 ni kutoka 24 kwenda 23.976, ambayo inaonekana ndogo lakini kwenye filamu ya saa tatu ni sekunde 11. Na kinyume chake kila moja. Ukipima ukapata mojawapo, unajua uko salama. Ukipata 1.06, au kitu chochote kisichomo humo, usizidishe! Maana yake katikati ya pointi zako mbili kuna kipande cha filamu kilichoongezwa au kukatwa, na hesabu yako inakipaka kipande hicho kwenye filamu nzima. Ndilo kosa langu la 1.0737. Rudisha pointi ya pili karibu, pima tena.

Sasa zile dakika 6. Sholay ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, India ikiwa ndani ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Juni mwaka huo. Mwongozaji Ramesh Sippy alikuwa amepiga mwisho ambapo Thakur anamuua Gabbar mwenyewe. Bodi ya udhibiti ikakataa, raia asionekane akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi wanafika dakika ya mwisho na kumzuia. Yalipunguzwa pia mauaji ya familia ya Thakur na kifo cha mtoto wa imamu. Toleo hilo lililokatwa ndilo watu walilolijua kwa miaka 15, hadi lile lisilokatwa lilipotoka kwenye kanda za video Uingereza mwaka 1990. Baadaye kwenye DVD yakawepo yote mawili, la dakika 204 na la dakika 198. Babu alikuwa na la 198 likikimbia kama 190. Binamu ameleta la 204.

Kwa hiyo baada ya kurekebisha kasi, manukuu yalikaa vizuri kabisa mpaka pale familia ya Thakur inapouawa. Hapo yakaruka. Baada ya hapo yako sawa kwa kasi lakini yametangulia kwa kiasi kile kile muda wote, mpaka kipande kingine. Kwa hiyo unakata faili vipande vipande, kila kipande na msogeo wake. Kasi ni moja kwa wote, ukishaipata usiiguse tena. Pa kukata unapatambua kirahisi: ni pale ambapo kosa linabadilika ghafla. Likibadilika pole pole ni kasi, likiruka ni mkato. Ukishika hilo tu umeshika karibu kazi yote. Zipo programu zinazosikiliza sauti za watu na kupanga manukuu zenyewe, na kwa filamu ya mazungumzo zinasaidia. Kwa filamu ya Kihindi yenye nyimbo ndefu, risasi na treni, mimi naamini jicho na saa. Sikuhitaji zaidi ya jioni mbili.

Nirudi kwa yule mwenzangu na mashine yake. Nilijaribu, nisije nikaambiwa naogopa teknolojia. Niliipa dakika 20 za filamu. Kiswahili kilikuwa safi, sitasema uongo. Cha vitabuni. Kila mtu anasema "njoo hapa", "kichwa", "macho". Babu aliandika "ndoo hapa", "kitwa", "mato", kwa sababu alikuwa anamwandikia mkewe, na ndivyo walivyoongea nyumbani. Kuna mahali Gabbar anamtukana mtu na Babu akaweka tusi ambalo nimelisikia mahali pawili tu duniani, katika faili ile na barazani kwetu Kibokoni. Mashine iliandika kwamba mtu huyo ni mwoga. Ni kweli, ni mwoga.

Sisemi mashine zisitumike. Filamu ambayo haina manukuu ya Kiswahili kabisa, na ni nyingi mno, acha mashine ifanye, ni bora kuliko hakuna. Lakini pale ambapo mtu ameshakaa akatafsiri, kutupa kazi yake kwa sababu nyakati zimekosana ni uvivu wa hesabu tu. Maneno ndiyo ghali. Nyakati ni namba mbili, au tatu, au saba. Sisi wa Kiswahili tuna bahati mbaya kwamba utamaduni wetu mkubwa wa kutafsiri filamu ni wa mdomo. Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro hapa Kenya, mtu anaongea juu ya filamu ikiendelea, na huyo hatangulii wala hachelewi kwa sababu anaona anachotafsiri. Kwa maandishi tuna vichache. Ndiyo maana kila faili moja inaniuma.

Na mambo yatazidi. Juni 2025 toleo refu la Sholay, likiwa limesafishwa, lilionyeshwa Bologna, Italia, na Disemba 2025 likarudi kwenye sinema za India na mwisho wake wa awali. Filamu nyingi za zamani zinasafishwa hivi sasa, na kila ikisafishwa huongezwa sekunde hapa, hupunguzwa nembo pale. Kila mara, manukuu yote yaliyowahi kuandikwa yanakuwa ya nakala nyingine.

Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote anayeandika manukuu ya Kiswahili, hata ya filamu moja, hata ya mama yako. Andika kwenye jina la faili urefu wa video na fremu zake. Yangu sasa inaitwa sholay.dakika190.fremu25.sw.srt na ya pili sholay.dakika204.fremu23976.sw.srt. Mbaya kuitazama, najua. Lakini mtu atakayeipata mwaka 2040 hatahitaji kukisia. Na usifute ya zamani ukishatengeneza mpya.

Hilo la kutofuta lilinishika mwenyewe mwishoni. Kwenye toleo refu polisi hawaji. Maneno ya polisi aliyoyaandika Babu hayana pa kukaa, nikayatoa, yamebaki kwenye faili ya kwanza. Na yale yanayosemwa kwenye mwisho huu mwingine Babu hakuyatafsiri, hakuwa nayo. Nikayatafsiri mimi kutoka manukuu ya Kiingereza, mama akinisaidia. Nikafikiria niyaandike kwa Kimvita chake ili yafanane, nikaona huko ni kughushi. Nikayaweka ndani ya mabano ya mraba, kila mstari.

Ijumaa tukaitazama yote, saa tatu na dakika 24, tukasimama mara moja kuswali isha. Bibi hakusema kitu mpaka pale mwisho mabano yalipoanza.

"Hapa si yeye," akasema.

"Hapa ni mimi, Bibi."

Akaendelea kusoma. Wimbo mmoja wa katikati bado unachelewa kama nusu sekunde, nitautazama wikendi hii.